Mayai Yasiyoonekana Kiooni

Mtoto analalamika tumbo, anapelekwa zahanati, anapewa kikopo. Mtaalamu wa maabara anachota choo kidogo mno, kama miligramu 2, anakichanganya na tone la maji ya chumvi juu ya kioo na kuinamia hadubini. Jibu linarudi: hakuna kilichoonekana. Mama anaondoka akiamini mwanawe hana minyoo.

Jibu hilo halikusema hivyo. Katika miligramu 2, yai moja ni sawa na mayai 500 kwa gramu. Mwenye minyoo michache anapita bila kugunduliwa.

Wanaopima jamii nzima hutumia Kato-Katz, njia iliyoanzia Japani mwaka 1954 na kuboreshwa Brazil mwaka 1972. Choo huchujwa, kikajazwa kwenye tundu la kibao linaloshika miligramu 41.7, kikafunikwa kwa selofani iliyolowekwa gliserini. Mayai yaliyohesabiwa huzidishwa kwa 24. Ni njia ya bei nafuu, na mtu hujifunza upesi. Ila gliserini hiyo hiyo inayong'arisha kioo huyafuta mayai ya minyoo ya safura, na baada ya saa moja hivi huenda yasionekane tena. Penye foleni ndefu na mtaalamu mmoja, saa moja ni muda mfupi sana.

Pemba inaonyesha uzito wa mayai kupitwa bila kuonekana. Katika utafiti uliofanyika kisiwani humo na kuchapishwa mwaka 2014, kila mtoto alitoa choo mara mbili kabla ya dawa na mara mbili baadaye, na kila sampuli ikaandaliwa vioo viwili vya Kato-Katz. Ilibainika kwamba dozi moja ya albendazole iliponya minyoo mjeledi kwa watoto wasiofikia 3 katika kila 100. Kama pangesomwa kioo kimoja tu, wengi zaidi wangeandikwa wamepona, na dawa ingesifiwa bure.

Kadiri ugawaji wa dawa shuleni unavyopunguza minyoo, ndivyo kipimo cha Kato-Katz kinavyozidi kupofuka. Wapo wanaoona suluhisho ni PCR, inayotafuta vinasaba vya mnyoo. Inaona vizuri, kweli, lakini inadai umeme wa uhakika, kemikali za bei kubwa na mafundi. Mahali pake ni maabara kuu, kwa kukagua sampuli za wilaya. Zahanati inahitaji zaidi njia za kukusanya mayai kabla ya kutazama: kuzungusha sampuli kwa mashine, au Mini-FLOTAC kutoka Italia, inayoyaelesha mayai kwenye maji mazito ya chumvi bila mashine yoyote. Fedha zianzie huko, pamoja na mshahara wa mtaalamu wa pili.

Tena kuna mnyoo aitwaye Strongyloides, ambaye chooni hutoa viluwiluwi badala ya mayai, hivyo Kato-Katz haimfai. Hunaswa kwa faneli, kitambaa cha shashi na maji ya uvuguvugu, vitu visivyo ghali. Mgonjwa aliye naye akianzishiwa dawa za steroidi kabla hajapimwa, mnyoo huyo anaweza kuzaana mwilini hadi kumuua.