Habbat Sauda: Imani Haituondolei Wajibu wa Kupima

 

Ndugu Waislamu, nje ya misikiti yetu mingi siku ya Ijumaa hupangwa chupa za mafuta ya habbat sauda, na baadhi zimeandikwa kuwa zinatibu kisukari, shinikizo la damu na saratani. Muuzaji akiulizwa dalili, hutaja Hadithi ya Abu Hurayra (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, yenye maana kwamba mbegu hiyo ni shifaa ya kila maradhi isipokuwa mauti. Siku hizi huongeza dalili ya pili: kwamba maabara zimethibitisha. Basi na tuzitazame zote mbili kwa uadilifu.

Maabara zimethibitisha nini hasa? Mbegu husagwa, hulowekwa, huchujwa, kisha hukaushwa hata kibaki kiini chake. Kiini hicho hutiwa katika kemikali ya rangi ya zambarau. Rangi ikififia na kuwa manjano, hujulikana kwamba kina uwezo wa kutuliza chembe haribifu ziitwazo radikali huru. Huo ndio uwezo wa antioksidanti. Kisha panya huchomwa mguuni sindano ya kitu kitokanacho na mwani ili mguu uvimbe, na waliopewa kiini hulinganishwa na wasiopewa, saa baada ya saa. Habbat sauda, ambayo mafuta yake yana thaimokwinoni, imefaulu mara nyingi katika mitihani ya namna hii. Hilo ni la kumshukuru Mola. Lakini rangi iliyobadilika katika kichupa si mgonjwa aliyepona, wala mguu wa panya si kongosho la mwanadamu.

Tuzingatie yaliyotokea Finland. Betakarotini, iliyomo katika karoti, nayo ilisifiwa kwa uwezo huo huo. Wanaume wavutaji sigara 29,133 wakafuatiliwa kwa miaka kadhaa, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 1994 yakaonesha kuwa waliopewa vidonge vyake walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa.

Wala tahadhari hii si ngeni kwa wanazuoni wetu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliweka katika Al-Qanun masharti ya kuijaribu dawa, na miongoni mwake ni kujaribiwa katika mwili wa mwanadamu, kwani iliyojaribiwa kwa simba au farasi huenda isioneshe athari yake kwa mtu. Naye Imam al-Khattabi, wa karne ya nne Hijria, aliieleza Hadithi hii kuwa tamko lake ni la jumla, lakini makusudio yake ni baadhi ya maradhi.

Huenda mtu akasema kuwa kuuliza hivi ni udhaifu wa imani. La hasha! Hatulitilii shaka neno la Mtume (s.a.w.). Tunamtilia shaka yule aliyejitungia kipimo, akautaja ugonjwa kwa jina, kisha akamwambia mgonjwa aache sindano zake za insulini. Mtume huyo huyo, katika Hadithi aliyoipokea Abu Daud, amefundisha kwamba anayetibu hali hajulikani kuwa na elimu ya tiba hubeba dhamana ya madhara yatokeayo.

Majaribio kwa binadamu yapo, na baadhi yameonesha sukari kushuka kwa kiasi fulani. Hata hivyo, mengi yalihusisha watu wachache kwa muda mfupi, na aghalabu wagonjwa waliendelea na dawa zao za hospitali.

Kwa hiyo, anayependa habbat sauda na aile, na amweleze daktari wake. Muuzaji na afute maandishi asiyoweza kuyathibitisha, kwani kuipamba bidhaa kwa uongo ni ghushi, hata kama bidhaa yenyewe ina baraka. Nasi maimamu tusiuruhusu uwanja wa msikiti uwe mahali pa kumshawishi mgonjwa aitupe dawa yake.

Wallahu aalam.