Hatuombi Serikali Itufundishie Kurani

Kila tukigusa habari ya madrasa mkutanoni hapa Nakivale, jibu ni moja: "Hayo mambo ya dini, sisi hatuingii." Afisa anasema hivyo, mtu wa shirika anatikisa kichwa kukubali, tunaenda ajenda nyingine. Jamani, jibu hilo halisimami.

Kwanza, si kweli kwamba serikali ya Uganda haiingii. Shule nyingi za msingi zenye kupokea pesa ya UPE, iliyoanza 1997, zilianzishwa na Wakatoliki, na Kanisa la Uganda, na Waislamu pia. Walimu wake wanalipwa na serikali. Mtoto wa darasa la saba anakuta maswali ya dini, ya Kikristo ama ya Kiislamu, ndani ya mtihani wa taifa. Kwa hiyo dini iliingia nyumbani zamani. Kwani sisi wa kambini ndio mlango umefungwa?

Pili, mtoto ni yule yule. Asubuhi shuleni anahesabiwa, mwalimu wake anajulikana. Jioni akienda madrasa chini ya turubai, hakuna anayemhesabu tena. Lakini kuhara hakuulizi kama maji machafu umeyanywa shuleni ama madrasa.

Sasa tunaomba nini? Hatuombi mshahara wa kufundisha Kurani. Hiyo kazi ni yetu, tuliifanya Kasongo, Buyenzi na Mogadishu bila kumsumbua mtu. Tunaomba choo, tangi la maji, majina ya madrasa na maalim kwenye daftari la wilaya, na mafunzo ya ulinzi wa mtoto. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 imeipa wilaya elimu ya chekechea na ya msingi. Na si jambo geni: mpango wa chekechea za madrasa wa Aga Khan ulianzia Mombasa miaka ya 1980, ukafika Zanzibar na hapa Uganda. Mtoto anacheza, anahesabu, na anasoma Kurani, vyote pahali pamoja.

Na sisi wenyewe tusikie. Kuna maalim anataka choo lakini hataki mkaguzi, eti fimbo ni adabu. Hapana, ndugu yangu. Sheria ya 2016 imekataza kumchapa mtoto shuleni, na mgongo wa mtoto haubadiliki akivaa kanzu. Kuna mzazi pia anamtoa mtoto darasani saa nne asubuhi ampeleke duksi. Huyo anamnyima mtoto haki ambayo Sheria ya Wakimbizi ya 2006 imempa sawa na mwenyeji. Huwezi kutaka mkono wa serikali, ukakataa jicho lake.

Mkutano ujao tulete orodha: madrasa ngapi, watoto wangapi, wapi kuna choo, wapi hakuna. Halafu mtu aitazame, aseme tena kwamba yeye haingii.