Kompaila za Debian zisichekwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu vijana wa mjini wanaodai kwamba kompaila zinazokuja pamoja na Debian, ule mkusanyo wa programu za Linux, ni kuukuu. Mmoja wao alifika shuleni kwetu wakati wa likizo, akaitazama kompyuta yetu, akacheka.

Kompaila ni programu inayogeuza maandishi ya mtunga programu yawe amri za mashine. Ni kweli za Debian huchelewa. Lugha ya Rust hutoa toleo jipya kila wiki 6, lakini Debian 12 ya Juni 2023 ilikuja na Rust 1.63, ilhali wenye lugha walikwisha fika 1.70. Hilo sikatai.

Je, ndugu hao wameuliza sababu? Kompaila ya Rust imeandikwa kwa Rust, hivyo huwezi kuijenga bila kuwa na iliyoitangulia. Ni kama mama anayebakiza donge la jana ili aumue unga wa leo. Na donge la jana likiwa na sumu? Mwaka 1984 Ken Thompson, mmoja wa waanzilishi wa Unix, alieleza jinsi kompaila inavyoweza kutiwa hila na kuirithisha kila kompaila inayojengwa nayo, hata ukisoma maandishi yote usiione.

Kwa hiyo watunza vifurushi wa Debian, ambao hufanya kazi ya kujitolea, hawapokei tu kitu kilichojengwa na wengine. Isipokuwa ile mara ya kwanza kabisa, kila toleo hujengwa kutokana na maandishi yake, kwa kompaila iliyomo Debian, na ni marufuku kuchota chochote kwenye intaneti wakati wa kujenga. Hatari haiishi yote, lakini angalau kila hatua inaweza kukaguliwa.

Sharti hilo la intaneti ndilo linalotufaa sisi wa vijijini. Vijana husema: andika amri moja tu, kompaila mpya itashuka yenyewe. Itashuka kwa bando la nani? Intaneti ya shule yetu ni simu yangu. Mimi nilikwenda wilayani, nikanakili Free Pascal pamoja na vifurushi inavyovihitaji kwenye flashi, nikarudi navyo kwa basi. Leo watoto wa darasa la sita wanatafuta namba tasa kwa programu walizoandika wenyewe.

Anayetaka Rust mpya ndani ya Debian na aijenge. Mlango uko wazi. Kifurushi cha mgeni hukaguliwa na mwanachama mzoefu, kisha huingizwa. Yule kijana aliyecheka anasomea kompyuta chuo kikuu. Nimemwandikia kumwuliza amekwisha kujenga vifurushi vingapi. Hajajibu.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kijijini.