Kiembu hakikuwamo

Na Mwaniki Njeru

Mwanafunzi wa kompyuta akija kwetu Runyenjes, Embu, likizoni, kwanza huletewa simu iliyokufa aitengeneze. Akisema somo lake ni jinsi watu wanavyozungumza WhatsApp, wazee hutazamana: karo yote ile kwa umbea?

Ndiyo, kwa umbea. Umbea umewahi kuiunguza nchi hii.

Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zikiendelea nchini Kenya, Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia waliunda Ushahidi, ramani ya mtandaoni iliyokusanya taarifa za wananchi. Haikuwa kazi ya kompyuta tu: Rotich alisomea kompyuta, Okolloh ni mwanasheria. Lakini kazi ninayoisifu zaidi ni Umati, mradi wa kufuatilia uchochezi mtandaoni ulioanzishwa na kituo cha teknolojia cha iHub pamoja na Ushahidi mwaka 2012, kuelekea uchaguzi wa Machi 2013. Uchochezi wetu hujificha ndani ya methali na majina ya wanyama, na programu haikuweza kuunasa. Basi waliajiriwa watu wa kusoma chapisho moja baada ya jingine: Kiswahili, Kiingereza, Sheng, Kikuyu, Kiluhya, Dholuo, Kikalenjin, Kisomali. Walipima msemaji ana ushawishi gani, na kama anawahimiza watu watende jambo. Ikabainika kwamba Facebook ilijaa sumu kuliko Twitter, ambako mchochezi alikemewa na wenzake hadharani mpaka wengine wakayameza maneno yao. Hilo huwezi kulijua kwa kuhesabu watumiaji tu.

Kiembu hakikuwamo. Kimeru pia. Siwalaumu, walianza na jamii kubwa. Lakini miaka imepita, na sauti zinazorekodiwa kwa Kiembu na kurushwa usiku wa kuamkia kura bado hazina msikilizaji wa aina hiyo. Kijana wa hapa anayejua takwimu, na anayejua pia mzee akitaja fisi anamlenga nani, anamshinda daktari wa falsafa yeyote kutoka ng'ambo.

Asidhani kazi ni kujipenyeza. Grupu la WhatsApp ni kama ua wa mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka data za watu zikusanywe kwa msingi halali, kama vile ridhaa. Aanze karibu: Chuo Kikuu cha Embu kipo, na wakulima wa kahawa wana magrupu yao. Aombe ruhusa kwa admini na kwa wanachama, kisha afuatilie uvumi mmoja tu wa malipo ya kahawa: nani aliutoa, nani aliuamini, nani aliondolewa kwenye grupu kwa kuuliza.