Tunamcheka nani anaposema "I am coming from Sumbawanga"?

Wiki mbili zilizopita tuliletewa kijana wa mafunzo kwa vitendo pale chumba cha habari. Siku hiyo kulikuwa na mgeni Mzungu, basi dogo akaambiwa ajitambulishe kwa Kiingereza. Akasimama, akataja jina, kisha akasema: "I am coming from Sumbawanga." Hajakaa vizuri, mwenzetu mmoja akadakia: "Pole na safari dogo, basi limeingia saa ngapi?" Chumba kizima mbavu hatuna. Mzungu mwenyewe hakucheka. Tulicheka sisi, na mimi nikiwemo.

Tangu siku ile dogo akiulizwa kitu mbele za watu anatikisa kichwa tu. Ndiyo maana leo naandika nikiwa na hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Hebu tujiulize, jamani, kosa lake hasa ni nini? Mtu akikupigia simu ukiwa kituoni Mbagala, unamwambia "natoka Mbagala", maana yake ndiyo unaondoka muda huo. Ukienda ukweni mzee akakuuliza "unatoka wapi kijana?", unajibu "natoka Kigoma", hata kama mara ya mwisho kufika Kigoma ulikuwa darasa la nne. Neno ni lile lile, na ile -na- ni ile ile. Kiswahili kinaachia mazingira yaamue, na hakuna mkwe aliyewahi kudhani umeshuka kwenye treni asubuhi hiyo.

Kiingereza hakikubali hivyo. Asili yako inasemwa kwa hali ya siku zote, "I come from Kigoma", kama unavyosema jua huchomoza mashariki. Ukiweka "am coming", umeingia barabarani na begi lako. Ukisema "I came from Kigoma", umeshafika, unasimulia safari iliyokwisha. Hayo ndiyo yote. Dakika kumi za mwalimu mwenye chaki.

Sasa niambie wewe uliyesoma mpaka chuo kikuu: nani alikupa hizo dakika kumi kwa namna hiyo? Mimi sikupewa. Nilichopewa ni kuimba darasani "I am coming, you are coming, he is coming", na ukutani bao linalosema tuongee Kiingereza tu. Mtoto wa shule ya serikali anasoma masomo yake kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, halafu kidato cha kwanza anaingia kwenye fizikia na jiografia kwa Kiingereza, na kile Kiswahili alichonacho kichwani anaambiwa akiache getini. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iliandika kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote. Ikazinduliwa mwaka 2015, tukapiga makofi, na sekondari ikabaki na Kiingereza chake.

Matokeo yake ndiyo yule dogo. Alichukua "natoka", akaibadilisha kipande kwa kipande: na- ikawa "am", toka ikawa "coming from". Hiyo ni kazi ya akili inayofanya hesabu sahihi kwa kanuni ambayo hakuna aliyemwambia kwamba haitumiki huko. Kosa kama hilo huwezi kulifuta kwa kicheko. Utalifuta kwa kuziweka lugha mbili ubaoni, upande kwa upande, na kumwonyesha mahali zinapoachana. Kumbe Kiswahili ambacho shule inakifukuza ndicho kingemsaidia kujua Kiingereza!

Na sisi wacheka-watu tujitazame. Wako waandishi wenzangu wanaoogopa "come from" kwa sababu inaonekana ya kitoto, kwa hiyo kila mtuhumiwa kwenye habari zao "hails from" mahali fulani, na kila mbunge "originates from" jimbo lake, kama mto unaoanzia mlimani. Hao hatuwacheki, maana maneno yao ni marefu. Na ni nani hapa Bongo hajawahi kusema "I am coming" huku anatoka mlangoni, kwa sababu kwetu "nakuja" ni ya anayeondoka akiahidi kurudi?

Sisemi makosa yaachwe. Mimi nakula kwa kuandika, na sentensi mbovu inaniuma. Ninachokataa ni kugeuza kitenzi kimoja kuwa mizani ya akili ya mtu. Nimeona usaili ambao mtu alishindwa kwenye sentensi ya kwanza tu, alipoulizwa kwao wapi, na baada ya hapo hakuna aliyesikiliza alichokuwa anakijua. Alikuwa amesomea uhasibu.

Jumatatu nilimwita dogo pembeni, nikamwomba radhi, nikamchorea hayo ya Mbagala na ya ukweni nyuma ya karatasi ya ratiba. Aliyashika mara moja. Kisha akaniuliza: "Sasa kaka, nikitaka kusema kwetu Sumbawanga, bila kitenzi chochote, kama tunavyosema sisi, kwa Kiingereza inakuwaje?"

Nimewauliza wote waliocheka siku ile. Mpaka leo sijapata jibu.