Upinde Haununuliwi Sokoni, Walimu

Muhula uliopita nilialikwa katika shule moja ya msingi huku Ukambani kutazama vifaa vya jadi vilivyotengenezwa na wanafunzi. Vilikuwako vibuyu, vyondo, vigoda na pinde ishirini na kitu zilizopangwa mezani kwa madaha. Mgeni wa heshima akamwomba mvulana mmoja auvute wake. Mtoto akauvuta kwa fahari, ukavunjika katikati, na kipande kikamchanja shavu karibu sana na jicho. Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Nilikiokota kile kipande. Kilikuwa cha mkaratusi mbichi, kimechongwa kwa panga pande zote.

"Mti huu uliutoa wapi, mwanangu?" nikamwuliza.

"Mama alininunulia sokoni, mwalimu. Shilingi hamsini."

Mtoto wa Mkamba kununuliwa upinde sokoni! Tena kwao huitwa uta, neno ambalo hata Kiswahili cha kale kinalo, uta na mata, ingawa siku hizi ni wanafunzi wachache mno walijuao.

Simlaumu mama yule, wala mtoto. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, unataka mtoto ajifunze kwa kutenda. Lakini mwalimu anapoagiza, "Kesho kila mtu alete upinde," anakuwa amefunza nini? Amemtuma mzazi dukani tu. Somo lenyewe limo porini, nalo huanza siku nyingi kabla ya panga kunolewa.

Wazee walionilea hawakukata mti wowote waliokutana nao. Waliutafuta mkole, ambao Wakamba huuita mulawa, kichaka kile kile ambacho watoto hula matunda yake na mbuzi hupenda majani yake. Mti wake ni mgumu lakini hupindika. Mzee aliweza kupita vichaka kumi bila kukata kitu, akitafuta ufito mnyofu, usio na vifundo, usiojisokota, mrefu kama kimo cha mtu na mnene kuliko upinde utakaotoka humo. Aliusubiri wakati wa kiangazi, maji yanapopungua mtini. Alikata mara moja, kwa mshazari, ili kisiki kisioze bali kichipue tena. Miaka michache baadaye mwanawe angerudi kwenye kisiki kicho hicho.

Baada ya hapo ndipo subira ilipohitajika. Ufito uliwekwa kivulini, si juani, na ncha zake zikapakwa mafuta ili usikauke upesi ukapasuka. Walimu wetu hupenda kutukumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Upinde sivyo. Ukiufunga upote ungali mbichi, utajikunja na kubaki vivyo hivyo, umelegea, hauna nguvu ya kurusha hata kijiti. Na wakati wa kuchonga, kisu hupita upande wa tumbo, ule unaomwelekea mpigaji. Mgongo huachwa jinsi ulivyoota, kwa maana nyuzi za mti zikikatwa hapo, ndipo upinde uvunjikapo. Yule mvulana angeelezwa jambo hili moja tu, shavu lake lingekuwa zima.

Najua wapo watakaouliza kama nataka tuwafunze watoto ujangili. Swali hilo lina historia yake. Wawaata wa pande za Tsavo walikuwa na pinde ambazo kuzivuta kulihitaji nguvu ya kilo 45 na zaidi, nao waliwinda ndovu kwazo. Mbuga ilipotengwa mwaka wa 1948 uwindaji wao ukageuka kuwa kosa, na katika operesheni za miaka ya 1950 wengi wao wakatupwa gerezani. Mwaka wa 1977 serikali ikapiga marufuku uwindaji nchini. Sitetei urejeshwe, na sumu ya mishale isikaribie darasa kabisa. Lakini sheria ilikataza kuua wanyama. Haikumkataza mtu kuujua mti. Sisi wenyewe ndio tuliovitupa vyote viwili kwa pamoja, kisha leo twawadai watoto alama kwa kitu ambacho hatukuwarithisha.

Isitoshe, mikole yenyewe inapungua. Wachoma makaa hawachagui, na shamba jipya hufyekwa lote. Shule nyingi huku zina ua mpana uliopandwa mikaratusi mitupu. Kwa nini pasiwe na safu moja ya mikole kando ya ukuta? Watoto wa gredi ya kwanza wangeipanda na kula matunda yake, na wakifika gredi za juu wangekata ufito mmoja mmoja chini ya uangalizi wa mzee aliyealikwa na kulipwa kama fundi yeyote.

Nilimwambia hivyo mwalimu wa darasa lile. Akaniuliza, kwa unyenyekevu, kama ningeweza kumwonyesha mkole ulivyo, kwa sababu yeye hajawahi kuuona. Tumeagana kwenda porini mwezi wa Agosti, wakati wa kiangazi, na yule mvulana atafuatana nasi.