Mkuyu wa Ukingoni Haukuwa wa Kuchaguliwa
Na Rehema Kessy

Wiki hii wakata miti wamekata mkuyu ukingoni mwa mto, bondeni kwetu Goba, Dar es Salaam. Hawakupunguza matawi. Wameupiga chenso shinani, na ulipolala wakahamia kwenye mingine ya ukingo uleule.

Nilishuka niliposikia mlio. Kiongozi wao, kijana mstaarabu, akaniamkia, kisha akasema, "Usiwe na wasiwasi mama, kibali tunacho. Na hatufyeki, tunachagua." Akanionyesha karatasi yenye muhuri. Imetaja idadi ya miti. Mto haukutajwa popote, na tulikuwa tumesimama ukingoni mwake.

Nilikasirika, na hasira haijaisha. Kuvuna kwa kuchagua ni jambo jema msituni: unauacha mti wa mbegu, unaipa miti michanga nafasi ya kukua. Lakini kuchagua kunaanza na kujua miti usiyopaswa kuigusa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 za ukingo wa mto shughuli za kudumu na zile zinazoweza kudhuru hifadhi ya ukingo. Hawa walikuwa wakikata mahali ambapo vumbi la mbao linaangukia majini.

Wakaliburuza gogo ndani ya mkondo wenyewe, eti huko ndiko rahisi kulifikia gari. Matawi wakayaacha humo humo. Mvua ikija yatakwenda kukwama kwenye kalavati pamoja na chupa za plastiki, na maji yataingia uani kwa watu. Kisha wakaanza kung'oa kisiki, kwa sababu kinatoa mkaa mzuri. Kisiki! Kitu pekee kilichobaki kuushika udongo ule! Mwenye kuijua kazi hii huangusha mti kuelekea nchi kavu, hulitoa gogo kwa upande wa juu, hujaza mafuta ya mashine mbali na maji, na mizizi haigusi.

Jirani yangu, ambaye hapa mtaani tunamwita Mzee Uzio na tulimcheka sana alipojenga ukuta wake kwa mara ya tatu, alisimama kando yangu kimya. Naomba tuache kumcheka. Ukuta wake unaangushwa na ukingo uliovuliwa miti, na wachimba mchanga wanakuja kumalizia.

Jiji hili lilizika watu zaidi ya 40 kwa mafuriko ya Desemba 2011, na walionusurika mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Upande wa juu wa Mto Msimbazi uliofurika, kule Pugu na Kazimzumbwi, wachoma mkaa walikuwa wameitafuna misitu kwa miaka mingi. Leo taifa limekopa fedha Benki ya Dunia kulitengeneza bonde la Msimbazi, na sisi huku Goba tunajitengenezea Msimbazi mwingine.

Nilimuuliza yule kijana ni nani alifika kuiona miti kabla ya kibali kutoka. Akajibu kwamba hakuna aliyefika. Fomu ilijazwa, ada ikalipwa, muhuri ukagongwa.

Basi wewe uliyegonga, chukua futi kamba ushuke bondeni. Umeruhusu ukatwe mti usiouona, kwenye mto usiojisumbua kuutazama. Ukuta wa Mzee Uzio ukianguka tena, saini yako ipo kwenye karatasi ile, na mimi nimeisoma.